Friji Inayotekenya Inakuambia Kitu

Leo tuongee kuhusu shoti. Siyo ile ya kushika waya uliochunika, hiyo kila mtu anaiogopa. Nazungumzia ile ndogo, inayotekenya vidole ukigusa mlango wa friji, jiko la umeme au bati la pasi. Nyumbani watu wameshaizoea. Utasikia, "Hiyo friji ndivyo ilivyo, vaa ndala kwanza." Au, "Ishike kwa kitambaa."

Jamani, hiyo siyo tabia ya friji. Friji isiyo na kasoro haitekenyi mtu. Ukiona inatekenya, ujue mara nyingi kuna makosa mawili kwa pamoja: umeme unavuja hadi kwenye bodi la chuma, na ethi haifanyi kazi.

ETHI INAFANYA NINI?

Angalia plagi ya pini tatu. Pini mbili fupi ni za waya wa moto na nyutro, ndiyo njia ya umeme kwenda na kurudi. Ile ndefu ni ya ethi. Waya wake una rangi ya kijani na njano, nao umefungwa kwenye bodi la chuma la kifaa. Kutoka kwenye soketi, ethi inakwenda mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba.

Siku za kawaida waya huo hauna kazi. Unangoja siku ya ajali. Waya wa moto ukigusa bodi, umeme unakimbilia kwenye ethi, fyuzi inaungua au breka inaruka. Friji inazima. Utaudhika, lakini utakuwa mzima.

Tatizo ni kwamba ethi ikikatika haionyeshi dalili. Taa zinawaka, friji inagandisha barafu, redio inaimba kama kawaida. Siku waya wa moto ukigusa bodi, umeme hauna pa kwenda. Bodi linakaa na volti 230, likingoja mtu wa kumpitia. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

MBONA BABA ANATEKENYWA TU?

Wanafizikia, hesabu mnaijua: mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani. Mwenye ngozi kavu na ndala za mpira ana ukinzani mkubwa, kwa hiyo anapata mkondo mdogo. Lakini dada anayepiga deki, peku, mikono imelowa, ukinzani wake unaweza kushuka mpaka kama ohmu 1,000. Chukua 230 gawanya kwa 1,000. Unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo unaozidi miliampea 30 ukipita kifuani kwa sekunde chache unaweza kuuvuruga moyo.

Na fyuzi ya ampea 13? Haitashtuka. Kwake ampea 0.23 ni kama taa chache tu. Ndiyo maana friji ileile inayomtekenya baba inaweza kumuua mtoto aliyetoka kuoga.

PIMA KWA MASWALI, SIYO KWA MKONO

Usiguse tena "kuhakikisha". Zima swichi ya ukutani, halafu jiulize:

1. Ni kifaa kimoja tu kinachopiga? Pengine waya wa ethi umekatika ndani ya plagi au kwenye waya wa kifaa chenyewe.

2. Ni kila kifaa kinachochomekwa kwenye soketi moja, au kwenye ekstensheni moja? Basi hapo ndipo ethi ilipokatika.

3. Ni vifaa vingi nyumba nzima, mpaka bomba la maji linapiga? Zimeni mein swichi, muiteni fundi siku hiyohiyo.

4. Plagi ina pini ngapi? Wengine wana friji au pasi yenye pini mbili, na wanafungua tundu za soketi kwa kijiti au kalamu. Kijiti kinafungua tundu, ethi hakileti! Pini mbili zinakubalika kwa kifaa chenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hicho kimetengenezwa kisihitaji ethi.

5. Ilianza lini? Baada ya kubadilisha plagi? Baada ya mvua? Mwambie fundi, itamsaidia sana.

Tesa ya bisibisi isikudanganye. Hata isipowaka haithibitishi kwamba ethi ni nzima. Kupima ethi ni kazi ya fundi mwenye mita. Na fundi akitaka kuunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi ili "kumaliza tatizo", mkataeni. Nyutro ikija kukatika, mabodi yote ya chuma kwenye soketi hiyo yatapata umeme.

Muulizeni pia kuhusu breka ya kuzuia umeme unaovuja. Ya miliampea 30 hukata umeme kabla moyo haujavurugika. Ina kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza na isikate, imekufa.

UTASEMAJE NYUMBANI?

Najua si rahisi kumwambia mzazi, au mwenye nyumba kama mmepanga. Sema kwa adabu lakini usizunguke: "Baba, naomba tuchomoe friji mpaka fundi aipime ethi." Akikujibu, "Mbona miaka yote hatujafa?" mwambie, "Ni kweli baba, lakini sisi tunavaa ndala. Mdogo wangu havai."

MTU AKINASWA

Usimshike, utanaswa na wewe. Zima mein swichi. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu kama ubao, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, piga kelele za msaada, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kusema "nimepona", apelekwe hospitali, maana moyo unaweza kusumbua baadaye.

Sasa nina kazi ya nyumbani kwenu. Leo jioni vaa viatu, mikono iwe mikavu, zima swichi, uchomoe plagi ya friji yenu na uhesabu pini. Halafu muulize kila mtu nyumbani, hata yule mdogo kabisa: "Kuna kitu humu ndani kinakutekenya?"