Ruta ya Nyumbani: Usibaki na Ufunguo wa Kiwandani
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima



Leo tuzungumzie mashine mbili ndogo zinazoleta intaneti nyumbani. Mashine hizo ni modemu na ruta. Wengi wetu tukinunua ruta tunamwita kijana aifunge. Taa zikiwaka, tunafurahi. Kumbe kazi haijaisha! Mlango umewekwa, lakini ufunguo ni ule wa kiwandani.

Kwanza tujue kazi zake. Modemu inapokea intaneti kutoka kwenye waya wa kampuni. Ruta inaichukua na kuigawa hewani, bila waya, mpaka kwenye simu zenu. Kwenye simu jambo hilo huandikwa Wi-Fi. Mara nyingine mashine zote mbili zimo ndani ya kasha moja. Kama yako ni hivyo, iwashe, kisha anzia hatua ya tatu.

Fanya hivi:

1. Zima mashine zote mbili. Chukua waya mfupi uliokuja na ruta. Chomeka ncha moja kwenye modemu. Ncha ya pili ichomeke kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN.

2. Washa modemu kwanza. Ngoja dakika 2 hivi, taa zitulie. Kisha washa ruta. Kila mashine itumie chaja yake. Chaja isiyo yake inaweza kuiunguza.

3. Geuza ruta usome karatasi iliyobandikwa chini. Pana jina la Wi-Fi na neno la siri. Yatumie kuunganisha simu yako.

4. Hapo pana pia anwani ya ruta, mara nyingi ya namba, kwa mfano 192.168.1.1. Iandike kwenye simu, pale unapoandika anwani za intaneti. Ukurasa wa ruta utafunguka.

5. Sasa badilisha maneno mawili ya siri. La kwanza ni la Wi-Fi. La pili ni la kufungulia ukurasa huo wa ruta. Hili la pili husahauliwa sana. Kila neno liwe refu, lisiwe jina lako wala namba ya simu.

6. Ukiulizwa aina ya ulinzi, chagua WPA2 au WPA3. Usiache wazi.

Je, kuna hatari gani? Mwaka 2016 programu moja mbaya, iitwayo Mirai, iliingia katika vifaa vingi vya majumbani, kama kamera na ruta. Ilijaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo 60. Mwezi Oktoba vifaa hivyo vilitumiwa kuzuia tovuti kubwa huko Marekani kwa saa kadhaa. Wenye vifaa wengi hawakujua lolote.

Na hapa kwetu? Mtu akipata neno la Wi-Fi, atamaliza kifurushi ulicholipia. Akiingia kwenye ukurasa wa ruta, anaweza kukupeleka kwenye tovuti ya uongo inayofanana na ya benki. Hapo fedha zako zimo hatarini.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo. Usiifiche kabatini, nyuma ya bati au karibu na pipa la maji. Vitu hivyo huzuia mawimbi.

Ukisahau neno la siri, tafuta kitundu kidogo kwenye ruta. Kibonyeze kwa njiti sekunde 10 hivi. Lakini kumbuka, neno la kiwandani litarudi. Itabidi uanze upya.

Ndugu zangu, fundi akufungie waya, si vibaya. Ila neno la siri andika mwenyewe, kisha liweke kwenye daftari lako. Zamani barua zetu tulisomewa na watu wengine, na siri zetu walizijua. Tulijifunza kusoma ili tuondokane na hali hiyo. Basi, tusiirudishe kwa mlango wa nyuma.