DAFTARI LA WANACHAMA
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Lodwar)



Tumewaita kwa ajili ya daftari. Majuma matatu yaliyopita mtu mmoja aliingia katika ofisi ya tawi letu, akasema ametumwa na wakubwa, akataka daftari la wanachama pamoja na karatasi ya majina ya waliohudhuria mkutano uliopita. Hakuwa na barua. Hakutaja sheria. Karani wetu alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akampa na daftari. Mgeni akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake, akashukuru, akaenda zake. Ofisi aliyosema ametoka hatutaitaja, maana hatukuhakikisha. Wala hatumlaumu karani, kwa sababu sisi wenyewe wa kamati tulipopata habari tulisema, "Haidhuru, hatuna cha kuficha." Mzee mmoja mwanachama ndiye aliyetutoa usingizini. Aliuliza: "Kama alikuja kwa haki, mbona hakuja na barua?" Tukakosa la kumjibu.

Ndugu, nchi hii ya Turkana yafahamu mambo hayo kuliko nyingine. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kufunga wilaya, mtu wa nje asiingie bila ruhusa ya maandishi. Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine iliyompa mkuu wa jimbo uwezo wa kuamuru watu wa kabila lililoitwa adui wakamatwe pamoja na mifugo yao, hata kama wenye kosa ni wachache. Mfanya kazi wa reli kule Nairobi, au kuli wa bandari ya Mombasa, pengine alisema hizo ni shida za wafugaji. Hakujua kwamba wilaya ikishafungwa huwa gereza lisilo na ukuta, tena gereza linalongoja watu.

Na aliyeletwa mapema ni mtu wetu. Makhan Singh alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi la Afrika ya Mashariki lililoundwa mwaka 1949, na rais wake alikuwa Fred Kubai. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alidai mbele ya watu uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Wafanya kazi wa Nairobi wakagoma siku tisa hivi. Kosa walilotajiwa lilikuwa kuongoza chama kisichoandikishwa, na kosa la namna hiyo mtu hulipa faini akarudi nyumbani kwake. Lakini Makhan Singh aliandikiwa amri mbali, ya kumzuia. Kesi ya amri hiyo ilisikilizwa Nyeri, na hoja haikuwa kwamba ameiba au amepiga mtu, bali mawazo yake na maneno aliyoyasema mikutanoni. Mwezi wa Juni 1950 akapelekwa Lokitaung, huko kaskazini yetu. Baadaye akahamishwa Maralal na Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 11, na amri haikuwa na siku ya kwisha.

Twawaomba mtazame vizuri jambo hilo la siku ya kwisha. Mzee Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, miaka saba, na kifungo chake alikitumikia Lokitaung. Mwaka 1959 kifungo kilikwisha. Je, alikwenda nyumbani? Aliletwa hapa hapa Lodwar kwa amri ya kuzuiwa, akatakiwa kuripoti kwa D.C. kila siku, akakaa mpaka mwaka 1961 alipohamishwa Maralal. Na Achieng Oneko, aliyehukumiwa pamoja naye, alipokata rufani mahakama ilimwona hana hatia mwaka 1954. Hakufunguliwa. Serikali ilimwandikia karatasi nyingine, akabaki kizuizini kwa miaka mingi. Jaji alisema huyu aende, karani wa serikali akasema huyu abaki, na neno la karani ndilo lililosimama.

Sasa mtasema huo ulikuwa ukoloni. Lakini baada ya uhuru karatasi hizo hazikuchomwa. Mwaka 1966 Bunge letu wenyewe liliirudishia serikali uwezo wa kuweka watu kizuizini bila kesi, na mwaka huo huo Ochola Mak'Anyengo, kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa mafuta, akawekwa ndani. Zile sheria mbili za wilaya zilizofungwa ziliendelea kukaa vitabuni mpaka zilipofutwa mwaka 1997. Miaka 34 baada ya bendera kupanda!

Twende Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992. Ndugu zetu wa kambini wanafundisha, wanahudumia wagonjwa, wanakalimani, na wengi wao hupewa posho ndogo mahali ambapo mwenyeji afanyaye kazi ile ile hupata mshahara. Tangu mwaka 2013 mtu huweka kidole kwenye mashine ndipo apate chakula. Hatusemi mashine ni mbaya. Yaweza kuzuia wizi. Twasema tu kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuikatalia mashine kidole chake. Na ili aje Lodwar, safari ya kilometa 120 hivi, huhitaji hati ya ruhusa. Akitaka kumshitaki mwajiri, kwanza aombe ruhusa ya kusafiri. Basi sisi wenye vitambulisho tusijione tuko mbali sana naye. Mwaka 2019 raia wote tulipangwa foleni kwa ajili ya Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataza serikali isichukue vipimo vya damu vya uzazi, yaani DNA, wala alama za setilaiti za mahali mtu anapoishi. Tarehe 14 Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa madhara kwa siri za watu hayakupimwa kwanza. Waliokwenda mahakamani katika kesi ya kwanza walikuwa watu kama sisi, wakiongozwa na Wanubi waliochoka kuulizwa wao ni nani.

Sheria ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, inaibana serikali, lakini inatubana na sisi. Majina, namba za simu na mahali mnapofanya kazi mlituandikia kwa ajili ya chama, na tuliyatoa kwa mtu tusiyemjua. Tumekosa, na twaomba radhi.

Hatusemi polisi wasipeleleze. Bunduki na wizi wa mifugo tunavijua hapa. Lakini kamati yaleta azimio hili: daftari likae ndani ya sanduku lenye funguo mbili, ya katibu na ya mweka hazina, lisionyeshwe kwa mtu yeyote bila hati ya mahakama, na atakayekuja na hati aandikwe jina lake, sheria aliyoitaja na saa aliyofika, na orodha ya mahudhurio isisomwe tena nje ya mkutano. Karani apewe nakala ya azimio aibandike ukutani, ili atakapokuja mkubwa mwingine awe na kitu cha kumwonyesha badala ya kutetemeka peke yake.

Mtapiga kura kwa kuinua mikono baada ya maswali. Wale ndugu watatu wa Kakuma waanze kusema, maana hati zao za safari zinakwisha leo jioni, na dreva amekwisha piga honi mara mbili.