Hotuba: Kupata Dhahabu ya Mchangani Pasipo Sumu



Leo twataka kuwaeleza kazi ya dhahabu ya mchangani, maana kijana akisikia habari za machimbo hufunga mzigo wake, na yafaa aende na maarifa.

Siri ya kazi hii ni uzito. Dhahabu huushinda uzito wa maji mara 19. Mchanga huushinda mara 2 na nusu tu. Basi kila chombo huondoa kilicho chepesi na kubakiza kilicho kizito.

Chombo cha kwanza ni karai. Tia changarawe, izamishe majini, ivuruge na kutoa mawe. Kisha itikise ili dhahabu ishuke chini, uinamishe karai kidogo, maji yachukue mchanga. Karai yafaa kwa kujaribia mahali, lakini kazi yake ni ya polepole.

Cha pili ni mfereji wa mbao wenye mteremko. Ndani hupigiliwa vipande vya mti kwa kukingama, na chini yake hutandikwa gunia. Mchanga hupita na maji, dhahabu hunaswa. Mteremko ukizidi, dhahabu huchukuliwa. Ukipungua, mchanga hujaa. Dhahabu ya mto Lupa, huko Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, nayo ilikuwa ya namna hii ya mchangani.

Na pasipo maji je? Watu wa Newala, ambao wazee wao walishuka mabondeni kuteka maji, wataelewa upesi. Kama mama apepetavyo mtama kwa ungo, ndivyo wachimbaji wa Australia ya Magharibi walivyopepeta mchanga mkavu miaka ya 1890. Lakini vumbi hudhuru kifua. Mtu na afunge pua na kinywa.

Sasa twatoa onyo. Wako wanaokamata dhahabu laini kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao huharibu ubongo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki, na maradhi yake yakajulikana mwaka 1956. Mataifa yalifanya mapatano juu yake mwaka 2013, na Tanzania ikayaridhia mwaka 2020.

Basi twasema: tumieni mfereji kwanza, kisha karai, kwa subira. Zebaki isichomwe kamwe nyumbani, wala katika sufuria ya chakula, wala isimwagwe mtoni. Walimu, tafadhali wasomeeni wasiojua kusoma. Dhahabu hupatikana tena; akili ya mtoto ikiharibika, hairudi.