"Kompyuta" Si Somo Moja: Maneno kwa Vijana Wanaoelekea Chuo Kikuu

(Hotuba ya Kamati ya Elimu katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale)



Makazi yetu haya yalianza kupokea ndugu zetu kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Kila kundi lilifika na mzigo wake, na kila kundi lilifika na watoto wa kusomesha. Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo linakula fedha za wazazi na miaka ya vijana lisipofikiriwa vizuri, nalo ni kuchagua masomo ya kompyuta chuo kikuu.

Ukimwuliza kijana aliyemaliza sekondari anataka kusoma nini, mara nyingi atajibu, "Kompyuta." Jibu hilo ni zuri, ila halijakamilika. Ni kama kusema, "Nataka kufanya kazi hospitalini." Daktari, muuguzi, mpima damu na mtoa dawa wote wako hospitalini, lakini hawakusoma darasa moja wala hawafanyi kazi moja.

Mwaka 2005 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kompyuta, kikiwemo ACM cha Marekani, vilitoa taarifa iliyogawa masomo haya katika matawi matano. Majina hayo ndiyo mtakayoyakuta kwenye fomu za vyuo vya Uganda. Tuyaeleze kwa lugha ya nyumbani.

Tawi la kwanza ni sayansi ya kompyuta. Hili ni ndugu wa hisabati. Huko Makerere watafiti waliifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa kutazama picha ya jani iliyopigwa kwa simu. Mkulima wa hapa anajua faida ya kazi hiyo. Lakini nyuma ya picha ile kuna hesabu nyingi, na asiyezipenda atateseka miaka mitatu.

La pili ni uhandisi wa programu, yaani kujenga programu kubwa zinazotumiwa na watu wengi bila kukwama. Fikirieni huduma ya kutuma pesa kwa simu, ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Tangu programu ipangwe hadi itumike na kutunzwa, hiyo ni kazi ya wahandisi hawa. Makerere somo hili huchukua miaka minne badala ya mitatu.

La tatu ni uhandisi wa kompyuta. Hapa mwanafunzi anashughulika na mashine yenyewe, umeme wake na vipande vyake. Bila fizikia na hisabati mlango huu ni mgumu.

La nne ni mifumo ya habari. Mtu huyu anakaa kati ya ofisi na mashine. Vituo vya afya nchini Uganda hutoa takwimu zinazoingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Lazima awepo anayeelewa shida ya muuguzi, na anayeelewa pia kompyuta inataka nini.

La tano ni teknolojia ya habari: kuunganisha mitandao, kulinda kumbukumbu za ofisi na kuhakikisha mashine zinafanya kazi kila asubuhi. Wako wanaolidharau tawi hili wakidhani ni la walioshindwa. Hilo si kweli. Tembeeni Mbarara mjini mwone: benki, hospitali, shule na vyama vya akiba vyote vinamhitaji mtu huyu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinafundisha tawi hili na sayansi ya kompyuta pia.

Sasa kijana achague vipi? Tunawaomba mjiulize maswali manne kabla ya kujaza fomu.

Swali la kwanza: kazi hii ya kila siku nitaipenda? Kuna anayefurahi kukaa peke yake na tatizo moja tangu asubuhi hadi jioni. Kuna mwingine anayefurahi kusaidia watu na kutengeneza kilichoharibika. Usichague jina linalong'aa. Chagua kazi utakayoamkia.

Swali la pili: vyeti vyangu vinafungua mlango gani? Aliyesoma Uganda anahitaji pasi kuu mbili za kidato cha sita, na kwa sayansi ya kompyuta hisabati hupewa uzito mkubwa. Teknolojia ya habari mara nyingi hupokea mchanganyiko mwingine wa masomo. Wapo wanaopitia stashahada, na wapo wa miaka 25 na zaidi wanaofanya mtihani wa watu wazima. Aliyekuja na Diplôme d'État ya Kongo, au cheti cha Burundi, hana budi kukipeleka UNEB kilinganishwe na cha Uganda. Cheti cha chuo kinapelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Ofisi zote mbili ziko Kampala, na kazi hiyo inataka nauli, ada na siku. Anayengoja hadi tangazo la ufadhili litoke, amechelewa.

Swali la tatu: nani atalipa, na kwa miaka mingapi? Mwaka wa nne una karo yake, chumba chake na chakula chake. Ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR na serikali ya Ujerumani waliuanza mwaka 1992, umesomesha wakimbizi wengi, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Na akishaupata, mtu habadilishi somo katikati kama anayebadili shati. Mgao wa chakula umepungua, na wazazi wanauza mbuzi ili mtoto asome. Mbuzi huyo hauzwi mara mbili.

Swali la nne: kazi itapatikana wapi? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Hata hivyo sheria haimwajiri mtu. Wengine wanategemea kazi za intaneti kutoka nje. Zipo, lakini ulizeni mapema kama kampuni inakubali kitambulisho chako na kama malipo yatakufikia. Tena, tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili bandia zinaandika programu ndogondogo zenyewe. Anayejua kunakili tu atapata shida. Anayeelewa tatizo la duka, la zahanati au la shamba bado ana nafasi.

Wazazi, msimlazimishe mtoto kwa sababu mtoto wa jirani alifanikiwa. Wala msiseme kompyuta ni ya wavulana. Binti aliyeongoza hisabati darasani asiambiwe achague kitu chepesi.

Ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo mawili. Matangazo ya ufadhili yafike vijijini mapema na kwa lugha tunazozielewa. Na ulinganishaji wa vyeti usaidiwe kabla ya tangazo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wenye akili wanapobaki nyuma.

Ninyi vijana, kuuliza si ujinga. Nendeni Mbarara, mwombe kuonyeshwa ratiba ya masomo, mzungumze na wanafunzi wa mwaka wa pili. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko karo ya mwaka uliopotea.