Malango Manne: Matengenezo ya Safari Ndefu ya Motokaa

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za safari ndefu ya motokaa ipitayo katika nchi nyingi. Nasema hasa na ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, kwa kuwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda bara haiko mbali nao, na kila siku huyaona malori yakielekea Zambia, Rwanda na Kongo. Mtu ayaonaye hudhani kwamba safari ni mafuta na usukani tu. Sivyo hata kidogo. Safari ya namna hii haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Yahesabiwa kwanza kwa malango, yaani mipaka.

Kusafiri katika nchi nyingi si jambo geni kwa Waswahili. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani aliyekuwa bwana wake mpaka Urusi na Siberia, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1901. Lakini Salim alikuwa na bwana wa kumwongoza. Wewe utokaye Kibaha na motokaa yako mwenyewe, matengenezo yote yako juu yako.

Na tutwae mfano. Jamaa wataka kuizunguka Afrika Mashariki. Watakwenda Chalinze, Korogwe, Moshi na Arusha, na kuvuka Namanga. Watapita Nairobi na Eldoret, wavuke Malaba kuingia Uganda. Kutoka Kampala watashika njia ya Masaka na Mbarara hata Katuna, waingie Rwanda. Kutoka Kigali watashuka Rusumo, penye daraja la mto Kagera, kisha warudi kwa Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Safari nzima ni karibu kilomita 3,500, nayo ina malango manne.

Sasa hesabu, nanyi wanafunzi mwaweza kuifanya ubaoni. Dereva mwenye busara asipite kilomita 350 kwa siku, maana katika nchi zetu jua huchwa mapema, na giza la barabarani huficha ng'ombe, baiskeli na malori yaliyoharibika. Basi 3,500 kwa 350 ni siku kumi. Kila lango lipe nusu siku. Hizo ni siku mbili. Ongeza siku mbili za kupumzika na kuitazama motokaa. Jumla ni siku kumi na nne. Tena, motokaa iendayo kilomita kumi kwa lita moja itataka lita 350 za mafuta. Anayejiambia kwamba atamaliza kwa juma moja, huyo amepanga kuendesha usiku, ingawa hajui kwamba amepanga hivyo.

Baada ya siku, tutazame hati. Kila mtu awe na pasi yake ya kusafiria, hata mtoto mchanga. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitwaliwe mapema, kwa sababu chanjo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku kumi. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hutosha kwa maisha yote ya mtu. Kwa motokaa, chukua kadi yake halisi. Na kama si yako, chukua barua ya mwenyewe ya kukupa ruhusa. Bima ya nyumbani haivuki mpaka, kwa hiyo nunua bima iitwayo Kadi ya Manjano, ambayo hukubaliwa Kenya, Uganda na Rwanda. Bila kadi hiyo, ukimgonga mtu ugenini, deni lake laweza kula shamba lako lililoko Kisarawe.

Fedha nazo zina mambo yake. Hata mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja. Tangu hapo kila nchi ina yake, na jina kuwa moja lisikudanganye, kwa maana thamani zake hazilingani. Rwanda hutumia faranga. Weka pembeni fedha za siku tatu usizotazamia kuzitumia, kwani akiba haiozi.

Akiba ya njia pia yafaa. Mwezi wa Februari mwaka 2019 lango la Katuna lilifungwa kwa ugomvi wa nchi mbili, lisifunguliwe tena mpaka Januari 31, 2022. Msafiri aliyejua njia hiyo tu angefanya nini? Lakini aliyeitazama ramani vema angeona kwamba toka Masaka iko njia ya kushuka Mutukula, kuingia Bukoba, na kurudi nyumbani bila kupita Rwanda. Basi kabla ya kuondoka uliza habari za kila lango, na uwe na lango la pili moyoni.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Ndivyo ilivyo hata Ulaya, maana motokaa itokayo Uingereza kwenda Ufaransa hubadili upande vivyo hivyo. Msidhani kwamba hatari iko pale mpakani. Mpakani kila mtu yu macho, na magari yaliyo mbele humwonyesha njia. Hatari iko asubuhi ya pili, dereva atokapo penye pampu ya mafuta, barabara ikiwa tupu, na mkono ukarudi katika mazoea yake. Tena huko motokaa yetu, ambayo usukani wake uko kulia, humzuia dereva asione mbele apitapo lori. Kwa hiyo akae mtu mzima kando yake, aliye macho, amwambie njia i wazi au si wazi. Na kitambaa chekundu kifungwe usukanini tangu Katuna mpaka Rusumo, kisifunguliwe ila Tanzania. Katika Rwanda pia rudisheni saa nyuma kwa saa moja, msije mkakosea wakati wa kufika.

Wakati mwema wa kusafiri ni Juni hata Septemba, baada ya masika. Basi jamaa wakae pamoja miezi miwili kabla, na ramani, kalamu na karatasi. Kwanza waandike malango, kisha siku, kisha hati, kisha fedha; na mafuta yaje nyuma ya hayo yote. Atakayepanga hivyo huenda akachelewa kuondoka, lakini watu wake watakuwa na tumaini jema la kumwona akirudi.