Mashine ya Njia Tano na Mkono wa Fundi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isinya)



Sisi tulisoma shule ya msingi ya misioni tu, kwa hiyo hatutatumia maneno makubwa. Tutasema juu ya chuma, maana chuma ndicho tunachokijua.

Tukitoka nje tunaona nguzo ndefu za umeme. Hapa Isinya kipo kituo kikubwa cha umeme, na laini ya volti 400,000 hutoka hapa kwenda mpaka Singida, Tanzania. Sehemu ya umeme wa Kenya hutoka Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huzungusha tabaini. Tabaini ni gurudumu lenye mapanga mengi. Mvuke ukiyapiga, gurudumu huzunguka na kuendesha jenereta. Tabaini ya kwanza ya Olkaria ilianza kazi mwaka 1981, nayo ilitoka Japani.

Mvuke ule huja na madini na hewa inayokula chuma, na mapanga huchakaa. Je, panga jipya hukatwaje?

Panga hilo limepinda na kusokotwa. Mashine yetu ya kukereza ina njia mbili tu: ncha huenda kwa urefu wa kazi, na huingia na kutoka. Mashine ya kuchonga ina tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kwa panga hazitoshi. Itabidi kazi ifunguliwe, igeuzwe, ifungwe tena, na kila kufunga huongeza kosa. Mashine ya njia tano huongeza kugeuka na kuinama. Kazi hufungwa mara moja, na ncha hulifuata panga kama kisu kinavyofuata kiazi kinachomenywa. Kompyuta huongoza njia zote tano kwa pamoja. Hapo kosa dogo kuliko unene wa unywele ni kosa kubwa, kwa kuwa gurudumu likikosa mizani hutikisika na kujivunja.

Asili ya jambo hili ni mapanga vilevile. Mmarekani John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akatafuta njia ya kuongoza mashine kwa hesabu. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya namna hiyo, ikisoma matundu ya utepe wa karatasi.

Wala msifikiri ni mambo ya mbali. Magari matano ya Nyayo yalionyeshwa mwaka 1990. Hayakufika sokoni, lakini kutokana na mradi ule, mwaka 1994 ilianzishwa Numerical Machining Complex katika karakana za reli Nairobi. Kukata chuma kwa hesabu kuliingia uani mwetu.

Sasa tuseme la moyoni. Kabla ya kuingia reli, baadhi yetu tulifanya kazi katika karakana ya mtu mmoja, ambayo hatutaitaja. Tajiri alinunua mashine ya kompyuta. Akaajiri kijana ajuaye kompyuta, akawaondoa mafundi wawili wazee. Siku ya tatu ncha iligonga jiliwa. Mashine ikakaa miezi minne chini ya turubai, nasi tukapokea nusu mshahara. Kijana yule hakuwa mjinga. Hakuna aliyemfundisha sauti ya chuma kinachokatwa vibaya. Wazee nao hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewafundisha vitufe.

Kwa hiyo, ndugu, tunaomba chama kiyaandike haya matatu katika mkataba:

1. Mashine mpya isiwashwe kabla mafundi waliopo hawajapelekwa mafunzoni, kwa mshahara wao kamili.
2. Fundi mzee na kijana wa kompyuta wawekwe pamoja kwenye mashine moja.
3. Mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya mashine ambayo hakupewa nafasi ya kujifunza.

Na sisi tuna deni letu. Tujifunze desimali na pembe jioni, badala ya kulalamika hotelini. Atakayepelekwa mafunzoni akashindwa kwa uvivu, asikitegemee chama kumtetea.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine hii ni mgeni wetu. Tuhakikishe mwenyeji anapona.

Umoja ni nguvu.