Boila Inayochemka Kupita Kiasi: Tuanze na Maji Kabla ya Moto

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto na boila ya gesi inayosukuma maji ya moto hadi kwenye radieta, kisha kuyapokea yakirudi ili iyapashe tena. Baridi inapoanza, lalamiko moja hujirudia: boila inawaka, na baada ya dakika chache inajizima kwa kuzidi joto. Mwenye nyumba anabonyeza kitufe cha kuiwasha upya, nayo inajizima tena. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kosa haliko kwenye moto. Moto hutoa joto lake la kawaida. Kilichopungua ni maji ya kulibeba. Kwa hiyo uchunguzi uanze na mzunguko wa maji, na vipuri vifuate baadaye.

Hesabu yenyewe inaunga mkono hoja hii. Kilo moja ya maji, yaani takriban lita moja, huhitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote, na maji yakitoka yana nyuzi 20 zaidi ya yalivyoingia, ni lazima zipite lita 17 hivi kila dakika. Mtiririko ukipungua kwa nusu huku moto ukibaki uleule, tofauti hiyo inakuwa nyuzi 40, na maji yaliyorudi yakiwa na nyuzi 60 yanafikia nyuzi 100. Ni kweli kwamba boila za kisasa hujipunguzia moto, lakini kila moja ina kiwango cha chini isichoweza kukivuka. Hapo themostati ya usalama inakata, na kwa kufanya hivyo imetimiza kazi yake.

Mtiririko hupungua kwa njia zinazojulikana. Pampu iliyokaa bila kazi kiangazi chote inaweza kukwama. Hewa hujikusanya mahali palipoinuka na kuziba njia. Chuma cha radieta huliwa na kutu na kuacha tope jeusi, ambalo hutuama kwenye mapito membamba ya boila. Vali za radieta zikifungwa zote kwa pamoja, maji hukosa pa kwenda iwapo hakuna njia ya mchepuko. Kisha kuna chokaa, hasa London na kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako maji ni magumu: hugandamana ndani ya boila kama ukoko chini ya sufuria, joto likashindwa kupenya vizuri, na boila ikaanza kunguruma kama birika.

Wako watakaopinga wakisema sensa ya joto ni rahisi kubadilisha, basi tuanze nayo. Sensa huharibika kweli, lakini kuna kipimo kinachotangulia gharama yoyote: kupima joto la bomba linalopeleka maji na la bomba linalorudisha, boila ikiwa inawaka. Linalopeleka likiwa la moto sana na linalorudisha likawa vuguvugu, maji hayapiti vya kutosha. Yote mawili yakiwa ya moto kwa karibu kiwango kimoja, maji yanapita ila joto halipati pa kutokea, pengine kwa sababu radieta zimefungwa na maji yanarudi kupitia mchepuko. Ni pale mabomba yote yanapokuwa na joto la wastani, huku kioo cha boila kikitangaza joto la kupindukia, ndipo sensa na nyaya zake zinapostahili kushukiwa kwanza.

Wengine watasema tupunguze joto la maji kwenye kidhibiti, au tununue boila mpya. Kupunguza joto kuna faida yake: boila zinazovuna joto la mvuke wa moshi hufanya kazi vizuri zaidi maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Lakini hatua hiyo haizibui bomba wala haifufui pampu. Inaficha dalili tu. Boila mpya nayo, ikiunganishwa na mabomba yenye tope lilelile, inarithi ugonjwa wa ile ya zamani.

Mwenye nyumba anaweza kutazama geji ya shinikizo la maji, ambayo kwa kawaida husoma baa 1 hadi 1.5 mfumo ukiwa umepoa, kutoa hewa kwenye radieta zilizopoa na kufungua vali zake. Kazi za gesi zenyewe, kwa sheria ya Uingereza, ni za fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, na mtu akinusa gesi afunge gesi kwenye mita, asiguse swichi za umeme, na apige simu ya dharura mara moja. Boila iliyojizima mara ya pili isiwashwe tena kabla ya kuchunguzwa. Napendekeza kila ripoti ya fundi iandike joto la mabomba yote mawili kabla na baada ya matengenezo. Kipuri kipya hakithibitishi chochote. Tofauti iliyorejea karibu na nyuzi 20, boila ikiwa kwenye nguvu zake zote, inathibitisha kwamba maji yanazunguka.